Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Bastola ya Kufichwa na Usiku wa Goma

Mtu anayeingia Goma, mashariki mwa Kongo, kwa miguu kutoka Gisenyi ya Rwanda, kupitia mpaka mdogo ambao wenyeji wanauita Petite Barrière, anapita mbele ya macho mengi. Mkoba unafunguliwa, karatasi zinatazamwa, swali la "unakwenda wapi?" linaulizwa hata kwa mtu anayepita hapo kila siku. Wamama wana mabeseni ya nyanya na samaki kichwani. Walemavu wanasukumwa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa. Wote wanavuka na mizigo yao ikiwa wazi. Safari hii naianzia hapo kwa makusudi, kwa sababu swali nililokuja nalo linahusu kitu ambacho sifa yake kubwa ni kutoonekana: bastola ndogo ya kubeba kila siku chini ya nguo. Kati ya bastola zinazofanana, ipi mtu achague? Swali hilo linaulizwa Marekani madukani na nyumbani, na katika miji yetu ya Afrika Mashariki linaulizwa kwa sauti ya chini, hasa na watu wanaorudi nyumbani na fedha mfukoni giza likiwa limeingia. Nimeona ni vyema kulileta Goma, mji ambao umeishi na bunduki kwa zaidi ya miaka thelathini, ili lijibiwe na mji wenyewe.

Kwanza swali lenyewe tulitendee haki, maana wanaoliuliza wana hofu ya kweli. Huko Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2022, hakuna jimbo linaloweza kumtaka raia athibitishe hitaji maalumu kabla ya kumpa kibali cha kubeba bastola, na soko la bastola za kufichwa limekomaa hata tofauti kati ya aina moja na nyingine hupimwa kwa milimita. SIG Sauer ilitoa P365 mwaka 2018, ikaweka risasi 10 katika magazini ya bastola inayoenea kiganjani. Mwaka uliofuata Glock ikaleta 43X, nayo ya risasi 10, na Springfield Armory ikaleta Hellcat yenye risasi 11. Zote zinatumia risasi za milimita 9, zote zina uzito wa karibu nusu kilo kabla ya kutiwa risasi, na unene wao ni kati ya sentimita mbili na nusu na tatu. Anayezilinganisha hujiuliza mambo manne: inafichika? Inabebeka kutwa bila kuchosha? Inaaminika itakapohitajika? Mkono wangu utaizoea? Ni maswali mazuri, na aliyekwisha kuamua kubeba hana budi kuyajibu. Lakini yote yanatanguliwa na swali jingine ambalo mezani pa muuzaji halipati nafasi: katika mji ninaoishi, kitu nilichokificha kitanilindaje? Goma, kwa jinsi ninavyousoma mji huu, inajibu kwamba anayesalimika ni yule anayeonekana na kusikika, na kwamba kile alichokificha mtu ndicho kinachomponza.

Hatua chache kutoka mpakani unaingia Birere, mtaa wa biashara uliobanana kiasi kwamba pikipiki na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hupishana kwa kugusana. Hapa wamekaa wabadilisha pesa, kila mmoja na meza yake ndogo, mabunda ya faranga za Kongo yamefungwa kwa mpira na kupangwa kama matofali. Kama yupo mtu Goma mwenye sababu ya kutaka bastola kiunoni, ni huyu. Kwa miaka mingi wenzake wameviziwa jioni wakirudi na fedha za siku, na wapo waliouawa karibu na milango yao. Basi tumpe bastola hiyo katika fikira, tuone itamfaa nini. Wanaomvizia hawaji mmoja. Wanakuja wawili au watatu, mara nyingi wakiwa na bunduki ya aina ya AK, ambayo magazini yake ya kawaida ina risasi 30, na mdomo wa bunduki hiyo umeshaelekezwa kifuani kwake kabla hajatambua kuna jambo. Saa wameichagua wao, na uchochoro pia ni wao walioupanga. Yeye anabaki na sekunde chache za kupandisha shati, kushika, kuchomoa, kulenga na kufyatua, gizani, mikono ikitetemeka. Kufichika kulikomfanya ainunue ndiko kunakozila sekunde zake. Na kwa kuwa bastola haikuonekana, haikumtisha mtu wakati bandi walipokuwa wakimchagua yeye miongoni mwa wengi. Silaha iliyofichwa inangoja shambulio lianze, ndipo inamtaka mwenyewe ashinde mbio ambazo bandi wamekwisha kuzianza. Akishindwa, bandi wanaondoka na fedha pamoja na bastola, na kesho mwenzake wa meza ya jirani ndiye atakayeelekezewa.

Msomaji anaweza kusema hiyo ni nadharia. Upo ushahidi, nao umetoka kulekule bastola hizi zinakouzwa. Mwaka 2009 Charles Branas na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 677 waliopigwa risasi katika mashambulio mjini Philadelphia kati ya 2003 na 2006, wakiwalinganisha na wakazi wengine wa mji huo. Aliyekuwa na bunduki mwilini alikuwa na uwezekano wa kupigwa risasi mara 4.46 kuliko asiyekuwa nayo. Pingamizi linakuja haraka: pengine wanaobeba ni wale wanaoishi karibu na hatari tangu mwanzo, kwa hiyo bunduki ni dalili tu ya hatari hiyo. Pingamizi hilo lina uzito, na utafiti wa aina hii hauwezi kulimaliza. Hata hivyo mbadilisha pesa wa Birere naye anaishi karibu na hatari, na ndiyo maana anaitamani bastola. Tumaini lake ni kwamba itampunguzia. Takwimu za Philadelphia hazimpi tumaini hilo. Mwaka 2022 David Studdert na wenzake walitoa utafiti mwingine, uliofuatilia watu wazima milioni 17.6 wa California kati ya 2004 na 2016. Wasiokuwa na bastola wao wenyewe lakini waliokuwa wakiishi na mwenye nayo waliuawa kwa kiwango kinachozidi maradufu kile cha waliokuwa katika nyumba zisizo na bunduki, na uwezekano wa kuuawa kwa risasi na mwenzi wao ulikuwa mara saba. Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako. Bastola inanunuliwa kwa ajili ya mtu wa njiani, lakini saa nyingi za maisha yake inazipitisha nyumbani, penye ugomvi wa ndoa, mtoto mdadisi na usiku wa kukata tamaa. Vyumba vya Goma vina watu wengi kuliko vya California, na kabati lenye kufuli la chuma si la kila mtu.

Kutoka Birere njia inakupandisha kuelekea katikati ya mji na Rond-point Signers, juu ya mawe meusi ambayo lava ya volkano ya Nyiragongo iliyaacha 17 Januari 2002. Bunduki nazo zimeingia hapa kwa vipindi. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda katika siku chache, na pamoja nao jeshi la utawala ulioanguka. Novemba 2012, waasi wa M23 waliuteka mji kwa mara ya kwanza na kukaa siku kumi na moja hivi. Januari 2025 walirudi na kuuteka tena. Safari hii askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walivua sare na kutupa bunduki barabarani, na katika siku hizohizo wafungwa zaidi ya 4,000 walitoroka gereza la Munzenze. Sheria ya silaha ya Kongo, ile ya 3 Septemba 1985 yenye namba 85-035, inamtaka raia awe na kibali, lakini matukio kama haya hayapiti ofisini kuomba kibali. Miezi iliyofuata ilikuwa ya misako ya mitaa mizima. Wanaume walikusanywa, na waliotiliwa shaka wakapakiwa kwenye malori.

Katika mji wa namna hii, raia mwenye bastola chini ya shati ni nani? Kwa mkono unaompapasa kizuizini, ni adui aliyejificha. Kwa bandi, ni mtu mwenye mali ya ziada. Kwa jirani aliyeona nguo imetuna kiunoni, ni yeye mwenyewe bandi. Nairobi, mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha ana karatasi ya kumtetea, na hata huko serikali iliona haja ya kuwahakiki upya wamiliki wote kuanzia mwisho wa 2018. Goma imebadilisha watawala mara kadhaa katika kizazi kimoja, na karatasi iliyotolewa na mtawala wa jana inaweza kuwa shitaka kwa mtawala wa leo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi, kwamba inafichika, hapa linageuka: kadiri inavyofichika vizuri, ndivyo itakavyokuwa vigumu kujieleza itakapogunduliwa.

Upande wa magharibi, kwenye barabara ya Sake, kipo kitongoji cha Ndosho, na hapo hoja yangu inashikika kwa mkono. Nyumba nyingi ni za mbao, zimejengwa juu ya lava ngumu ambayo kuichimba msingi ni kazi ya siku nyingi. Kati ya ukuta wa jirani na ukuta wa jirani unaweza kunyoosha mikono ukaigusa yote miwili. Ubao wenyewe una unene wa kidole. Risasi ya milimita 9 iliyokosa shabaha haisimami kwenye ubao huo, wala kwenye ule wa nyumba ya pili. Inaingia usawa wa godoro wanapolala watoto. Na kukosa ni jambo la kawaida. Ripoti ya taasisi ya RAND ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ilikuta kwamba katika mapambano ambayo mhalifu naye alikuwa akifyatua, ni asilimia 18 tu ya risasi za polisi zilizompata aliyelengwa. Hao ni watu wenye mafunzo, wenye uwanja wa shabaha, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Raia wa Ndosho hana uwanja wa kufanyia mazoezi, na akifyatua risasi moja ya kujifunza mtaa mzima utatawanyika. Risasi zake zisizompata bandi zitakwenda kwa jirani, kwa sababu katika Ndosho hakuna mahali pengine pa kwenda.

Lakini ubao huohuo usiozuia risasi hauzuii sauti. Katika mitaa kadhaa ya pembezoni, mtu akisikia mlango wa jirani unavunjwa hupuliza filimbi au hupiga sufuria, na jirani akisikia naye hupiga yake, hata kelele ikatambaa nyumba kwa nyumba kama moto wa nyika. Bandi wanategemea usiri na muda. Kelele inawanyang'anya vyote viwili bila kumtaka mtu yeyote afungue mlango wala amlenge mtu gizani. Mwanga unafanya kazi hiyohiyo. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha Ndosho mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 1.3, na taa za barabarani zikaja pamoja na umeme wa majumbani. Chini ya taa, muuza maandazi anakaa saa mbili zaidi, wateja wanakuja, pikipiki zinangoja abiria, na uchochoro uliokuwa wa kuvizia unakuwa na mashahidi. Taa haina shabaha ya kukosa. Inamlinda aliyelipia na asiyelipia, na hakuna askari wa kizuizini atakayemkamata mtu kwa kupita chini yake.

Angalia pia wanavyofanya watu ambao ulinzi ndio riziki yao. Kongo, walinzi wa kampuni binafsi hawabebi bunduki. Langoni pa nyumba za Himbi na Katindo utawakuta na rungu, redio na filimbi. Panapotakiwa bunduki huongezwa polisi. Kampuni inauza jicho linalokesha, mlio unaosikika na gari linalokuja linapoitwa. Wafanyabiashara nao, benki zilipofungwa baada ya Januari 2025, walilazimika kujifunza kuhamisha thamani bila kuibeba. M-Pesa na Airtel Money zina makato na kero zake, na bandi anaweza kumlazimisha mtu kutaja namba ya siri. Hata hivyo mabunda ya noti yanayopungua mkobani yanapunguza sababu ya kuviziwa. Anayegawa fedha zake mara tatu kwa siku, anayebadilisha saa ya kufunga meza, anayerudi nyumbani na wenzake wanne, amefanya jambo ambalo bastola haiwezi kulifanya: amewavunja moyo wanaomvizia kabla hawajamchagua.

Pingamizi kubwa kuliko yote nalisikia, na sitalipita kwa haraka. Watasema: dola imetuacha. Jeshi linakimbia, polisi wanabadilishwa, wauaji wanatembea. Mtu aliyeachwa peke yake ana haki ya kuilinda nafsi yake. Nakubali haki hiyo, nayo haitoki kwa serikali yoyote. Ninachohoji ni chombo chake. Na kwa wanawake wa Goma pingamizi hili ni zito zaidi, kwa sababu katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji, kama Bulengo na Kanyaruchinya, maelfu walibakwa miaka ya 2023 na 2024, wengi wakiwa wamekwenda kutafuta kuni. Mwenye moyo hawezi kumwambia mwanamke huyo asijikinge. Lakini tumwangalie alivyovamiwa: na wanaume kadhaa wenye bunduki ndefu, porini, mikono yake ikiwa imeshika mzigo. Bastola katika mavazi yake ingepatikana na wavamizi, nao wangemtendea vipi baada ya kuipata? Kilichoweza kumwepusha ni kuni au makaa kufika kambini ili asilazimike kwenda, au kwenda akiwa mmoja kati ya wengi. Kila fedha na kila juhudi inayoelekezwa kwenye silaha ya mtu mmoja inaondolewa kwenye mambo hayo, na aliye maskini zaidi, ambaye bastola ya mamia ya dola hataigusa maishani, ndiye anayebaki bila kinga yoyote.

Lipo pingamizi la pili, kwamba filimbi haizuii risasi. Ni kweli. Zipo nyumba zilizovamiwa huku sufuria zikilia, na wapo watu waliouawa kwa sababu walipiga kelele. Tena kelele ina hatari yake: umati ulioamshwa gizani unaweza kumkamata kijana aliyepita tu na kumpiga hadi kufa, na Goma imewahi kuchoma watu ambao hakuna mahakama iliyowahukumu. Siwezi kuitetea filimbi bila kukiri hayo. Ninachosema ni kwamba hatari ya umati ina dawa ndani ya umati wenyewe: kiongozi wa avenyu anayejulikana, makubaliano kwamba anayekamatwa anafungwa kamba na kungojewa asubuhi, wazee wanaosimama mlangoni kuzuia mawe. Kosa la kelele linaweza kusahihishwa na mtu wa pili kabla halijawa mauti. Risasi ikishatoka haina mtu wa pili. Na pale ambapo filimbi inashindwa kwa sababu waliokuja ni wengi na wameamua kuua, bastola yenye risasi 10 nayo inashindwa, ikiwa imewapa sababu ya kumuua kila aliyemo ndani.

Nimefika Ndosho nikiwa na yale maswali manne ya mnunuzi, na sioni sababu ya kuyatupa. Mtu anayeyapima kwa makini anajali uhai wake, na umakini huo ni mali. Ningependa tu auelekeze kwenye vitu ambavyo mji huu umekwisha kuvijaribu. Njia ninayorudia nyumbani ina taa, na je, taa hiyo inawaka wiki nzima? Majirani wa pande zangu nne nawajua kwa majina, na wao wanaijua sauti yangu? Fedha za siku zinakaa mkobani kwa saa ngapi? Ninachokitegemea nimekifanyia mazoezi na wengine, au nangoja usiku wa hatari ndio unifundishe? Filimbi inabebeka kutwa bila kuchosha, inaaminika katika mvua, na mkono wa mtoto wa miaka saba unaizoea kwa siku moja. Mlinzi wa langoni pale Himbi ameifunga yake kwa uzi shingoni, nayo inaning'inia nje ya shati, mahali ambapo kila apitaye anaiona.